Deni la Bodi na Madeni Yasiyoonekana Kwenye Salari Slipu

Mwishoni mwa Agosti 2023, siku mbili baada ya mshahara kutoka, binti mmoja tunayefanya naye kazi aliingia ofisini kwangu akafunga mlango. Mimi ndiye ninayeandaa mishahara ya kampuni, na pia ni mweka hazina wa SACCOS, chama chetu cha akiba na mikopo cha wafanyakazi, kwa hiyo mlango wangu umeshazoea kufungwa na watu wenye shida za fedha. Akanisalimia, "Shikamoo dada," akakaa, akaweka salari slipu mezani na kidole juu ya mstari mmoja.

"Dada, bodi inaniua. Naomba uisimamishe, hata miezi mitatu tu."

Mstari ule ulikuwa makato ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu: shilingi 105,000.

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa yake. Jina silitaji, na mambo machache ya pembeni nimeyageuza ili asitambulike, ila hesabu sikuzigusa. Nimeamua kukiandika kwa sababu tangu siku ile nimekaa na vijana wengine kadhaa, na karibu kila mmoja ameanza kwa maneno yale yale: bodi, bodi, bodi. Naielewa hasira yao. Lakini nimepiga hesabu zao moja baada ya nyingine, na naamini kwa dhati kwamba wengi wanamshitaki asiye mhusika huku anayewamaliza amekaa pembeni, kwenye simu zao, haonekani kwenye karatasi yoyote.

Nianze na ile slipu. Mshahara wake wa msingi ni 700,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10, yaani 70,000. Zinabaki 630,000 za kutozwa kodi, na kwa viwango vinavyotumika tangu Julai 2021 kodi yake ya mshahara, PAYE, inakuwa 42,000. Bodi inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, siyo ya kile kinachobaki, ndiyo hiyo 105,000. Mkononi anapata 483,000. Ukipima makato ya bodi dhidi ya 588,000 ambazo angezipata bila bodi, unakuta amekatwa karibu asilimia 18. Kwa mtu wa mshahara wa laki saba hilo si jambo dogo, na sitaki mtu anayesoma hapa adhani nalipuuza. Waliokatwa zamani walikatwa asilimia 8. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 ndiyo yaliyopandisha hadi 15, na kwa binti huyu tofauti ni 49,000 kila mwezi. Kwa asilimia 8 angekuwa analipa 56,000.

Sasa tazama upande wa pili wa karatasi, ambao vijana hawautazami. Alipoanza kukatwa, Oktoba 2022, deni lake bodi lilisomeka 9,600,000. Alisoma chuo kati ya 2016 na 2019, wakati ambao deni la bodi lilikuwa linaongezeka kwa tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, na mtu akichelewa kuanza kulipa anapigwa adhabu ya asilimia 10. Mei Mosi ya 2021, pale Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta ile asilimia 6, na adhabu ikaifuata muda mfupi baadaye. Kwa hiyo binti huyu alianza kulipa deni lililokwisha kusimama. Halikui. Kila 105,000 inayotoka inapunguza 105,000, na kwa mwendo huo miezi 92 inalimaliza. Agosti 2023 alikuwa ameshakatwa mara kumi na moja, jumla 1,155,000, na salio lilikuwa 8,445,000.

Nilimweleza kwanza kwamba sina mamlaka ya kusimamisha makato hayo. Sheria inamtaka mwajiri akate na apeleke ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha, na mwajiri asiyefanya hivyo anaingia yeye matatani. Kisha nikamuuliza swali ambalo hakulitegemea: "Mdogo wangu, hizo 483,000 zilizoingia juzi ziko wapi?"

Akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Kadi yangu ya benki ninayo siku moja tu kwa mwezi, dada."

Hapo ndipo kisa chenyewe kilipoanza kufunguka. Lakini ili kieleweke lazima nirudi mwaka mmoja nyuma, na hapo na mimi nina sehemu yangu.

Aliajiriwa Juni 2022. Mwajiri anatakiwa kuijulisha bodi ndani ya siku 28 kwamba amemwajiri mhitimu mwenye mkopo. Mimi nilichelewesha. Zilikuwa siku za ukaguzi, fomu yake ikakaa kwenye faili, na makato yakaanza Oktoba. Kwa miezi minne akawa anapokea 588,000. Yeye alijua ana deni la bodi, hakunificha, ila alipoona hakatwi akajipa moyo kwamba labda utaratibu unachukua muda mrefu. Na katika miezi ile minne ndipo alipopanga maisha yake. Alitoka kwa mama yake mdogo alikokuwa akiishi, akapanga chumba na sebule cha laki moja kwa mwezi. Akamwahidi mama yake nyumbani 80,000 kila mwezi, na 40,000 za mdogo wake aliyekuwa anaingia kidato cha tano. Ahadi zote hizi alizipimia kwenye 588,000, na hakuna hata moja ya anasa.

Siku makato yalipoanza, mshahara ulishuka 105,000 na ahadi zikabaki palepale. Ningekuwa nimepeleka fomu kwa wakati, angejifunza kuishi na 483,000 tangu mwezi wa kwanza. Sasa hivi fomu ya bodi naijaza siku ile ile ya mkataba, mbele ya mwajiriwa, na namwandikia kwa mkono atakachopata mkononi.

Makato peke yake, hata hivyo, hayakumwangusha. Kilichomwangusha ni kodi ya nyumba. Kama ilivyo kwa wapangaji wengi wa Dar es Salaam, mwenye nyumba wake anataka miezi sita kwa mkupuo. Mshahara unakuja mwezi kwa mwezi, kodi inakuja mara mbili kwa mwaka ikiwa 600,000, zaidi ya mshahara mzima wa mkononi. Mtu wa kipato hicho asiyeweka laki moja pembeni kila mwezi bila kukosa, siku ya kodi lazima akope. Hana njia nyingine. Nikiambiwa nitaje jambo moja linalowasukuma vijana wa mjini kwenye madeni, nitataja kodi ya miezi sita kabla sijagusa starehe, nguo au simu mpya.

Januari 2023 alikuwa na 200,000. Akapungukiwa 400,000. Mfanyakazi mwenzetu akamwazima 200,000 za kurudisha Aprili. Huduma ya kukopa kwenye laini ya simu, ile inayokuongezea salio la kufanya muamala halafu inajikata pesa yoyote ikiingia, ikampa 120,000. Programu ya mikopo aliyoipakua usiku ule ikamwandikia mkopo wa 100,000, ikamtumia 78,000. Elfu mbili zilizobaki alizitoa mfukoni. Kodi ikalipwa, mwenye nyumba akaondoka ameridhika.

Hebu tusimame kwenye hiyo 78,000. Programu ilikata 22,000 mwanzoni, ikaziita ada, ikampa siku 14. Mtu akisoma "ada 22,000" anaona ni pesa ya kuvumilika. Lakini amepokea 78,000, na 22,000 juu ya 78,000 ni zaidi ya asilimia 28, kwa wiki mbili. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wa daraja la pili, wale wasiopokea amana za watu, ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi mzima. Kwa 78,000, asilimia 3.5 ni 2,730. Siku ya 14 ilipofika hakuwa na laki moja ya kutoa mazima, kwa hiyo alifanya wanachofanya wengi: alitafuta laki moja huku na huku, akalipa asubuhi, akakopa tena mchana, akapokea tena 78,000, akarudisha alikoazima. Kila mzunguko unameza 22,000 na deni liko palepale. Kufikia Aprili alikuwa amezunguka mara sita. Ameshalipa ada 132,000 kwa 78,000 aliyoipokea, na bado anadaiwa laki moja.

Nchi nyingine kijana wa umri huu huingia kwenye shimo hili kwa kadi ya mkopo. Kwetu hapa vijana wengi hawana kadi hizo, simu ndiyo inayofanya kazi yao, na inafanya vibaya zaidi. Kadi angalau inaleta taarifa ya mwezi inayoonyesha deni lote pamoja. Simu inaleta ujumbe mmoja mmoja, saa moja asubuhi, saa nne usiku, elfu mbili hapa, mia nane pale, na katikati yake ujumbe wa pongezi kwamba kiwango chako cha kukopa kimeongezwa. Hakuna mahali zinapojumlishwa. Binti huyu ana shahada, hesabu anazijua vizuri, na hajawahi kujumlisha, kwa sababu hakuna karatasi iliyomtaka ajumlishe.

Aprili mwenzetu akataka pesa yake. Hapo akapelekwa na jirani kwa mama mmoja anayekopesha mtaani. Mikopo hii watu wameipa jina lake, kausha damu, na jina halijakosea. Alipewa 500,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Dhamana ilikuwa kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Akamlipa mwenzetu 200,000, akamaliza laki moja ya programu, akafuta 120,000 za simu, na 80,000 zikaenda kwa mama yake. Siku hiyo alilala usingizi, aliniambia, kwa sababu wadai wote wameisha isipokuwa mmoja.

Ila huyo mmoja alikuwa anachukua 150,000 kila mwezi na mtaji wake wa 500,000 haupungui hata shilingi. Siku ya mshahara yule mama alikwenda mwenyewe kwenye ATM na kadi ya binti, akatoa riba yake, akamkabidhi kadi akatoe kilichobaki, jioni akaichukua tena. Mei, Juni, Julai, Agosti. Miezi minne, 600,000 zimelipwa, na deni bado ni 500,000. Kwa ule ukomo wa asilimia 3.5, riba ya mwezi ingekuwa 17,500.

Ukitoa 150,000 kwenye 483,000 unabaki na 333,000. Kufikia Mei lile deni la laini ya simu lilikuwa limerudi. Julai kodi ya miezi sita ikarudi pia, na safari hii akapakua programu tatu, akakopa jumla ya 340,000 kwa maandishi, akapokea 265,200. Akaongeza za kwake zikafika 300,000, akamwomba mwenye nyumba apokee nusu kwanza.

Basi siku ile ya Agosti tulifungua simu yake tukaandika kila ujumbe wa mwezi ule kwenye karatasi. Ilituchukua saa mbili na zaidi. Alikuwa anasoma, mimi naandika, na kuna mahali alikataa kusoma nikaichukua simu nikasoma mwenyewe. Riba ya mtaani 150,000. Mizunguko miwili ya programu tatu, 149,600. Ada za kukopa kwenye laini, 23,400. Jumla 323,000.

Nikaweka karatasi ile kando ya salari slipu. Upande mmoja kuna deni la 8,445,000 ambalo mwezi ule limechukua 105,000 na lote limekwenda kupunguza deni. Upande wa pili kuna madeni ambayo yakijumlishwa hayafiki hata milioni moja, ni 960,000, na mwezi ule yamechukua 323,000 bila kupungua hata kidogo. Theluthi mbili ya pesa yake ya mkononi. Watumishi wa umma wana kinga ya ile moja ya tatu, kwamba makato yasifike mahali mtumishi akabaki na chini ya theluthi ya mshahara wake. Kinga ile ni nzuri, lakini inahesabu kinachopita kwenye slipu tu. Damu inayokaushwa mtaani na kwenye simu haiulizi moja ya tatu.

Alitazama zile karatasi mbili, akaanza kulia. Nilimwacha alie.

Alikuja na mpango wa pili pia, na nautaja kwa sababu nimeshausikia kwa wengine. Kuna benki iliyokuwa tayari kumpa mkopo wa mshahara wa milioni tatu kwa miaka mitano. Alitaka kulipa madeni yote na kinachobaki aanzishe biashara ya nguo. Nilimpinga waziwazi. Shida yake ilikuwa 960,000, na mtu mwenye shida ya 960,000 hachukui milioni tatu. Makato mapya yangekaa juu ya yale ya bodi kwa miaka mitano, kodi ya miezi sita ingemkuta Januari akiwa na mkononi pungufu kuliko mwanzo, na biashara ya kwanza ya mtu aliyechoka hivyo ingekuwa na mzigo wa kulipa marejesho kabla haijauza gauni la kwanza. Alikasirika kidogo. Siku iliyofuata alirudi.

Tulichofanya hakikuwa safi kama ninavyotamani kukieleza. Mkopo wa dharura wa SACCOS yetu una kikomo cha 500,000, riba asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, miezi kumi. Riba yote ya miezi hiyo kumi ni 27,500. Alihitaji wadhamini wawili, mmoja nikawa mimi. Pesa ile yote ilikuwa ya yule mama wa mtaani, kwa sababu kadi ilikuwa kwake, na mtu asiye na kadi yake hana mshahara. Kabla ya kwenda kulipa alipita benki, akaifunga ile kadi, akaomba nyingine. Yule mama akataka na 150,000 ya Septemba juu. Walikaa ofisi ya serikali ya mtaa, mtendaji akamuuliza mama leseni yake ya kukopesha, hakuwa nayo. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa awe na leseni. Akapokea 500,000, wakaandikishana, ikaisha. Nakiri nilishangaa ilivyoisha upesi. Kwa miezi minne binti alikuwa anamwogopa mtu ambaye naye alikuwa na la kuogopa.

Programu ndizo zilizotuumiza. Pesa iliyobaki Agosti ilitosha kumaliza mbili na kubakiza 93,000 za kuishi mwezi mzima. Ya tatu, ya laki moja, tuliamua ichelewe hadi Septemba. Kwa hesabu uamuzi ulikuwa sahihi: kuizungusha tena kungemeza ada nyingine mbili. Lakini nilipima shilingi tu, nikasahau kwamba siku anaipakua aliiruhusu isome namba zote zilizo kwenye simu yake. Siku ya tatu ya kuchelewa, ujumbe ulitumwa kwa watu zaidi ya thelathini. Kwa mjomba wake, kwa mchungaji, kwa mwalimu wake wa chuo, kwa fundi aliyewahi kumshonea sare. Ulisema huyu ni mwizi, amekutaja wewe kama mdhamini, mwambie alipe. Picha yake iliambatanishwa.

Kitu kimoja kilimwokoa. Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimemsihi amweleze mama yake na mama yake mdogo kila kitu, kabla hawajasikia kwa mwingine. Hakutaka. Yeye ndiye wa kwanza kwenye familia kufika chuo kikuu, na nyumbani wanamhesabu kama mtu aliyekwisha toboa. Kusema "nadaiwa" kwake kulikuwa sawa na kuwanyang'anya furaha yao. Alisema hata hivyo, kwa simu, akiwa amekaa ngazini hapa ofisini. Kwa hiyo ujumbe ulipofika, mama yake alimpigia kabla ya mtu mwingine yeyote, na neno la kwanza lilikuwa, "Umekula?" Mama yake mdogo alimchukua chakula cha jioni kwake mwezi ule wote, na Oktoba akamwongezea 200,000 kwenye kodi. Vijana hukopa kwa siri ili wasiiaibishe familia, na kumbe mara nyingi familia ndiyo pesa pekee isiyo na riba waliyonayo.

Mshahara wa Septemba ulikuwa 428,000 baada ya makato ya SACCOS. Programu ya tatu ilidai 131,000 pamoja na faini, akalipa, akaifuta. Deni la laini akalimaliza. Tukaenda wote wawili kwa mwenye nyumba, mzee wa makamo, tukamwomba apokee kodi kwa miezi mitatu mitatu. Nilijiandaa kwa mabishano. Akasema hakuna mpangaji aliyewahi kumwomba, na yeye hana shida ilimradi pesa ije kwa tarehe.

Kuna swali ambalo nimelifikiria sana tangu hapo: alijifunzia wapi kuishi hivi? Jibu langu ni chuoni, na si kwa sababu ya starehe. Wakati wake bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mwanafunzi mwenye mkopo wa bodi, lilikuwa 8,500 kwa siku, likiingia kwa mkupuo wa takribani siku 60, kama 510,000. Siku linapoingia unalipa madeni ya mama ntilie, ya vocha, ya kopi za vitabu, ya rafiki. Wiki ya pili umerudi kwenye daftari. Likichelewa, chuo kizima kinaishi kwa kukopa, na wanaokopesha wanajua litaingia. Miaka mitatu ya maisha hayo inakufundisha kwamba pesa inayoingia ni ya kulipia yaliyopita, na ya leo utakopa. Alipopata mshahara aliupokea kama bumu. Hakuna aliyemwambia ni kitu tofauti, si chuo, si bodi, si sisi waajiri.

Kuhusu bodi yenyewe, msimamo wangu ni huu. Kutokuwepo kwa ile tozo ya asilimia 6 ni jambo kubwa, na ni mikopo michache nchini ambayo kijana ataipata kwa masharti hayo. Pesa inayorudishwa inakwenda kwa wanafunzi wanaofuata. Lakini asilimia 15 sawa kwa kila mshahara haiko sawa. Aliye na milioni nne akikatwa laki sita anabaki na maisha yake, wa laki saba akikatwa 105,000 anasogezwa hadi ukingoni, na ukingoni ndipo wakopeshaji wa kausha damu wanaposubiri. Ningependa kuona kiwango kinachoanzia chini kwa wenye mishahara midogo na kupanda kadiri mshahara unavyopanda, hata kama deni litachukua miaka mingi zaidi kuisha. Kwa kuwa haliongezeki, muda haumuumizi mkopaji. Mfuko ndio utakaosubiri, na hilo ni suala la kujadiliwa kwa uwazi, si la kumwachia binti wa laki saba alibebe peke yake.

Februari 2024 alirudi kwenye deni la simu. Mama yake alilazwa, pesa ikahitajika usiku, akakopa 90,000 kwenye laini na kunitumia ujumbe kunijulisha kabla hata sijauliza. Machi akalimaliza. Juni mkopo wa SACCOS ukaisha. Mwezi uliofuata ile 50,000 aliyokuwa anarejesha niliiacha iendelee kukatwa, kwa maandishi yake, sasa ikiwa akiba ya kodi.

Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wanaokopesha kwa njia ya kidijitali, na Novemba ikatangaza orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni. Nilimtumia orodha. Aliisoma akaipeleka kwenye kundi la wenzake waliosoma naye, na kwa siku mbili simu yake haikunyamaza, kila mmoja akisimulia la kwake. Wengi walikuwa hawajawahi kusimulia.

Mdogo wake alimaliza kidato cha sita mwaka huo, naye akaomba mkopo wa bodi. Dada yake ndiye aliyekaa naye kwenye fomu. Alipokuja kuniomba nakala ya slipu yake kwa ajili ya nyaraka, nilimwonyesha salio la mwezi wa Novemba: 6,870,000. Aliitazama kidogo tu. Alichotaka kujua ni kingine, kiasi cha akiba yake ya kodi ya Januari. Ilikuwa 190,000. Bado 110,000, na mishahara miwili iko mbele.